Mkimbiaji Aliyekaribishwa Mara Moja

Jumatano ya tarehe 10 Julai, mwaka 1957, ndiyo siku mambo yangu yalipoharibika, na aliyeyaharibu alikuwa amekaa kwenye kiti cha ngozi mjini Helsinki, hajui hata jina la ziwa letu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanitupia mimi lawama. Nimeligeuza jambo hili upande huu na upande ule kama samaki kwenye kikaango, na kila nikiligeuza naona lilelile. Makosa ni ya wenye viti.

Siku hiyo tulikuwa tunaanika nyasi kwa mzee Iivari Tirkkonen. Kijiji kizima cha Kurkiniemi kilikuwa shambani kwake, maana kwetu siku ya nyasi haina mwenyewe, leo kwako, kesho kwa jirani. Mimi sikuwa na shamba. Majira ya baridi nilikata magogo, barafu ikiyeyuka niliyasindikiza mtoni, na kiangazi nilikuwa wa yeyote mwenye uma wa nyasi wa ziada. Lakini kwa mzee Tirkkonen nilikwenda bila kuitwa, na kila mtu alijua kwa nini. Dirisha la chumba cha pembeni cha nyumba ile lilitazama shamba, na nyuma ya dirisha alikaa Aune.

Aune alikuwa binti wa mzee na opereta wa simu wa kijiji. Kituo chenyewe kilikuwa hicho chumba: ubao wenye matundu, nyaya zenye vichwa vya shaba, na kiti kimoja. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Shingo yake ilikuwa ndefu, na nywele zake za rangi ya shayiri iliyoiva zilikuwa zimelazwa na visikilizio katikati ya utosi, kama kinjia kinachokatiza shamba. Nilikuwa nikiinua nyasi, natazama dirisha. Nikizitundika kwenye mti wa kuanikia, natazama dirisha. Jirani aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Oiva, ukizidi kutazama huko utanitundika mimi."

Mimi ni Oiva Kuosmanen. Wakati huo nilikuwa mgane wa miaka thelathini na tatu, na nilikuwa mtu wa kukimbia.

Kukimbia nilijifunza mtoni. Magogo yakikwama kwenye kona na kuanza kupandiana, lazima mtu awawahi walioko chini kabla maji hayajayafyatua. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa buti, juu ya mizizi na mawe yenye utelezi. Siku moja msimamizi akaniambia, "Kuosmanen, wenzako wanapewa vikombe vya fedha kwa kufanya hivyo barabarani." Nikaenda Iisalmi nikashinda. Nikaenda Pieksämäki nikashinda, na wa pili alipofika alinikuta nimekaa na kikombe cha kahawa, nimeshavua viatu. Na sioni haya kusema: kiangazi kile hapakuwa na mtu katika Ufini nzima aliyeweza kunishika baada ya kilomita ya thelathini. Kabla ya hapo, labda. Baada ya hapo, hayupo.

Mzee Tirkkonen alilijua hilo, na halikumgusa.

"Kukimbia ni kazi ya sungura," aliniambia mbele ya kanisa, watu wakisikia. "Binti yangu simpi mgane mwenye suruali fupi. Lakini siku ile fulana ya taifa, ya bluu na nyeupe, itakapokuwa kifuani mwako, njoo nyumbani tuzungumze habari za Aune. Kabla ya hapo usinichoshe."

Na kwa kuwa mzee hakuwa mtu wa kuacha mlango mmoja tu wazi, alikuwa ameshamwalika Pöyhönen, meneja wa kiwanda cha maziwa, aje kunywa kahawa Jumapili ile inayofuata. Pöyhönen alikuwa na pikipiki na meno yote. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Basi fulana ndiyo ilikuwa njia yangu ya kumfikia Aune, na fulana hiyo walikuwa wanaigawa mabwana wa chama cha mbio. Mwezi wa Agosti kulikuwa na marathoni kule Göteborg, sisi dhidi ya Waswidi, na nafasi ilibaki moja.

Dirisha likafunguliwa.

"Oiva," Aune akaita. "Simu yako. Helsinki."

Reki zote zikasimama. Nikauacha uma wangu umesimama kwenye nyasi, nikakimbia. Nyuma nikamsikia mzee akisema, "Mwoneni sungura, masikio yamesimama," na watu wakacheka, lakini cheko la kutakia heri.

Simu ya ukutani ilikuwa ukumbini. Mlango wa chumba cha Aune ulikuwa wazi kidogo, nikaona bega lake na mkono wake juu ya waya. Akageuka akanitazama mara moja tu, jinsi mtu anavyomtazama mwenzake anayekanyaga barafu ya ziwa mwezi wa Aprili, imeshaanza kuyeyuka. Kisha akachomeka.

"Kuosmanen? Sandqvist hapa, wa chama."

"Siku njema, bwana mkurugenzi."

"Tuna nafasi moja ya Göteborg. Je, utakuja?"

Sasa nisikilize vizuri. Kwetu Savo mtu hakimbilii meza. Ukiitwa kahawa, unasema ah, msijisumbue. Ukiitwa tena, unasema mbona nimetoka kunywa sasa hivi. Ukiitwa mara ya tatu, hapo ndipo unainuka na kujivuta ukiuambaa ukuta, unakaa kwenye ncha ya benchi. Anayeitikia mara ya kwanza ni mroho, na mama yake atasemwa hata akiwa kaburini. Mtoto wa miaka minne analijua hili. Ng'ombe nadhani wanalijua.

"Ah, bwana mkurugenzi," nikasema, "si wapo vijana wengi wenye miguu mizuri kuliko hii yangu."

Nikangoja.

"Kumbe," akasema. "Basi sawa. Kila la heri."

Nikaendelea kuushika mkono wa simu sikioni. Nilingoja kama mtu aliyeambiwa angoje. Halafu nikasema, "Aune, waya umekatika."

Aune akageuza kiti.

"Haujakatika, Oiva," akasema.

*

Mama Loviisa, mke wa mzee, alikuwa ameandaa meza ya wavuna nyasi: mkate mweusi, maziwa ya mgando, mkate mtamu wa iliki, na mkate mkubwa uliookwa na samaki ndani. Watu walikuwa wameingia na kusimama wakiegemea kuta, kila mmoja akitazama vidole vyake vya miguu. Hakuna aliyekuwa na njaa, kwa jinsi walivyosema.

"Karibuni kahawa," akasema mama Loviisa.

"Msijisumbue," tukasema.

"Itapoa."

"Tumetoka kunywa sasa hivi."

"Njooni basi, kabla sijawamwagia nguruwe."

Ndipo tukaanza kujivuta, wakubwa kwanza. Mzee Tirkkonen akamimina kahawa yake kwenye kisahani, akaipuliza, akaninyooshea macho juu ya kisahani kile.

"Haya. Helsinki wamesemaje?"

"Wameuliza."

"Wameuliza nini?"

"Kama nitakwenda Göteborg."

Benchi zima likaacha kutafuna. Mama Loviisa akafumba mikono kwenye aproni, uso wake umefunguka kama dirisha.

"Nawe ukajibu?"

"Nikajibu kama watu wanavyojibu. Kwamba wapo wengine."

"Naam. Bila shaka," akasema mzee. "Naye akasema?"

"Akasema basi sawa."

Mzee akakiweka kisahani mezani.

"Baada ya mara ya pili?"

"Hapakuwa na mara ya pili."

Niliona watu wazima, watu waliopita vita na njaa, wakiniangalia kama nimewaambia kuna nchi watu wanakojengea nyumba kuanzia paa.

"Mara moja," mzee akasema taratibu. "Mtu anamwita mwenzake mezani mara moja, kisha anaondoa chakula."

"Huyo hakunyonya," akasema jirani yangu.

"Huenda alikuwa na haraka," mama Loviisa akajaribu.

"Haraka gani? Sentensi moja zaidi ingemla?" Mzee alikuwa amekasirika kweli, na kwa dakika ile alikuwa upande wangu, upande wa Kurkiniemi nzima. Kisha akakumbuka yeye ni nani kwangu. Akafuta masharubu. "Hata hivyo, Kuosmanen, neno langu ni lilelile. Fulana hakuna, mazungumzo hakuna. Jumapili Pöyhönen anakuja."

Aune alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Hakunywa. Alikiweka juu ya jiko, akamwambia mama yake, "Mama, nishikie ubao kidogo. Nakwenda kusuuza madebe ya maziwa."

Madebe yalikuwa yamesuuzwa asubuhi. Kila mtu aliyekuwa mezani alilijua hilo, wakala mkate wao.

*

Nilimkuta ziwani, kwenye daraja la mbao la kufulia, amekaa, miguu imo majini. Hapakuwa na debe hata moja. Nikavua buti, nikakaa upande wa pili wa ndoo ya kufulia iliyokuwa pale, nami nikatia miguu majini. Alikuwa ananukia shaba na iliki.

"Kwa nini hukusema ndiyo?" akauliza.

"Nilisema kama nilivyolelewa."

"Umelelewa hapa. Yule hakulelewa hapa."

"Ana mama, au hana?"

"Oiva, usinifanyie utani."

"Sifanyi utani. Nimekimbia mpaka kucha zimenitoka. Nimekimbia kwa buti. Nimewaletea vikombe vyao wakapiga navyo picha. Halafu wananitupia swali moja kama mtu anayemtupia mbwa mfupa, na mimi nilidake kwa meno? Waniombe. Mara moja zaidi tu. Ni kitu gani?"

"Si kitu. Lakini wewe ndiye umebaki huku, naye amebaki na kiti chake."

"Ndivyo walivyo wenye viti."

"Usiwalaumu wao tu." Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalikuwa mazuri hivi kwamba nilisahau nilichotaka kujibu. "Na mimi je? Miaka minne unakuja kuanika nyasi zetu, unapasua kuni zetu, unazibua bomba letu. Miaka minne unalitazama dirisha. Hujasema neno. Unangoja nani akubembeleze? Unangoja mimi nije nikwambie karibu, karibu, karibu, nawe useme umetoka kupenda sasa hivi?"

Nikacheka. Sikukusudia. Naye akacheka, kidogo, huku anajifuta pua kwa kiganja.

"Saimi hakuniambia unajua kuchekesha," nikasema.

Jina hilo lilikuwa halijatajwa kati yetu. Saimi alikuwa mke wangu, na Aune alimjua. Kifua kikuu kilimchukua katika sanatoria, hospitali ya wagonjwa kama yeye, mbali, msimu wa baridi ambao njia zilikuwa zimefungwa na theluji, nami nilikuwa napiga simu kila jioni kutoka ukumbi ule ule wa mzee Tirkkonen. Mimi si msemaji. Saimi naye hakuwa na pumzi ya kusema. Tulikuwa tunashika simu tu, yeye kule, mimi huku.

"Nilikuwa kwenye waya," Aune akasema. "Sheria ni kwamba mkiwa kimya, nikate. Nyaya ni chache na watu wanangoja. Msimamizi wa simu kule Kuopio aliniuliza mara ngapi, huo waya una nini, mbona hauna sauti. Nikamwambia wanazungumza. Sikumdanganya. Mlikuwa mnazungumza."

Sikuweza kumtazama. Nikatazama maji, na ndani ya maji niliiona miguu yake, myeupe, imetulia karibu na yangu.

"Pale ndipo nilipoanza," akasema. "Nilijua si vizuri, mke wa mtu yupo kitandani. Niliona haya kwa Mungu. Lakini nilisema moyoni, mwanamume anayejua kukaa hivyo na mtu bila kumwomba kitu, huyo nikipewa nafasi sitaiacha. Ndiyo maana leo nimekasirika. Umeiacha nafasi yangu pia."

"Aune."

"Subiri, sijamaliza. Nilipopewa kiti kile niliapa, mkono juu ya Biblia, kwamba nitakachosikia kwenye waya kitafia masikioni mwangu."

"Basi usiseme."

"Nasema. Sandqvist alipokuaga hakukata vizuri. Nilimsikia akimwambia mtu aliyekuwa naye, 'Amekataa, na afadhali. Mwite Wikman. Wikman ni msomi, anajua Kiswidi, anajua kukaa na watu kwenye karamu. Huyu wa msituni angetutia aibu na kisu chake cha kiunoni.'"

Samaki aliruka, akaanguka.

Watu hudhani maneno ya namna hiyo yanamvunja mtu. Mimi yalinitandika kama maji ya ziwa baada ya mvuke wa sauna: ngozi ikasimama yote, na kichwa kikawa safi. Kumbe hakusahau kuuliza mara ya pili. Alifurahi asiulize. Alikuwa ameshika roho yake mkononi, akiomba nikatae.

"Wikman yule mwanafunzi?" nikasema. "Yule aliyekaa chini pale Pieksämäki akiomba sukari?"

"Sijui aliomba nini. Nilisikia jina tu."

"Niunganishe na Helsinki."

"Oiva, ukimtajia Wikman, atajua umeambiwa na nani."

"Sitamtajia."

"Utamtaja. Hujui kuficha, uso wako ni kama kengele." Akainuka, akakung'uta sketi. "Twende. Baba akiuliza, madebe yamesuuzika."

*

Mama Loviisa alitutazama tulivyoingia, akavua visikilizio, akampisha binti yake kiti bila swali. Ila hakutoka chumbani. Alisimama karibu na dirisha, akajifanya anang'oa majani makavu kwenye ua la chungu.

Aune akachomeka, akazungusha mkono wa kengele, akaita Kuopio, na Kuopio wakaita mbele. Nilikwenda kusimama ukumbini na simu sikioni, mlango kati yetu sasa ukiwa wazi wote. Nilimwona usoni. Safari hii hakugeuza macho.

"Sandqvist."

"Kuosmanen hapa, wa Kurkiniemi."

"Kuosmanen? Nilidhani tumemalizana."

"Bado. Hukuniuliza mara ya pili."

"Mara ya pili ya nini?"

Hapo nilijua kabisa nazungumza na mtu wa namna gani.

"Bwana mkurugenzi, huku kwetu mtu hakatai mara ya kwanza. Anasalimia tu. Ulinisalimia, nikakusalimu, ukaondoka. Sasa nimekuja kuendelea na mazungumzo."

"Ndugu yangu, hii ni timu ya taifa, si meza ya kahawa. Nafasi imeshakwenda."

"Kwa Wikman?"

Jina lilinitoka kabla sijalishika. Kule Helsinki kiti kililia.

"Nani amekwambia habari za Wikman?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Hakuna anayejua isipokuwa mimi na katibu wangu. Nani amekwambia?"

Nilifungua mdomo, na sikuwa na uongo hata mmoja tayari. Ndipo ikaingia sauti nyingine katika waya, sauti tulivu ya kazini.

"Mimi, bwana. Opereta wa Kurkiniemi. Aune Tirkkonen. Herufi utaandika mwenyewe."

"Binti, unajua umefanya nini? Nitamwandikia mkubwa wako leo hii. Kiti hicho hutakikalia tena mwezi ujao."

"Najua, bwana. Endelea na mazungumzo, waya ni safi."

Mama Loviisa alikuwa ameng'oa ua zima, limo mkononi mwake na mizizi. Na kwenye mlango wa nje alikuwa amesimama mzee Tirkkonen, nyasi zimemganda ndevuni, amesikia ya kutosha. Nilidhani atanitoa nje kwa kola. Akaja moja kwa moja, akaninyang'anya simu.

"Haloo. Tirkkonen hapa, mwenye nyumba. Wewe ndiye yule anayekaribisha watu mara moja?" Akasikiliza. "Hapana, sikupigii kelele, hii ndiyo sauti yangu. Binti yangu ataadhibiwa na mimi, si na wewe. Sasa nisikilize. Huyu Kuosmanen simpendi. Hana shamba. Lakini nimemwona akikimbia, na wewe hujamwona, umeona karatasi tu. Muulize tena, vizuri, kama mtu aliyelelewa. Au nitampigia mwandishi wa gazeti la Kuopio nimweleze habari ya kisu na karamu."

Aune akafunika uso. Mzee alikuwa amesikiliza nyuma ya vichaka vya ziwani, kumbe, au upepo ulimpelekea maneno yetu. Sijui mpaka leo.

Akanirudishia simu. Kule mwisho wa waya bwana mkubwa alikuwa anapumua kama mtu anayevaa viatu vinavyombana.

"Kuosmanen. Jumapili kuna mbio za Kuopio. Wikman atakuwepo, atakimbia. Kilomita zote arobaini na mbili. Atakayetangulia kati yenu ndiye wa Göteborg. Je, utakuja?"

"Ndiyo," nikasema.

Mara ya kwanza. Kabla hata hajafunga mdomo. Mama Loviisa akasema taratibu, "Ee Yesu," na mzee akatazama ukuta, kwa aibu ya kuona mtu mzima akidaka kahawa hewani.

"Na mwambie Wikman," nikaongeza, "abebe sukari yake. Huko mbele nitakakokuwa sitamsikia akiomba."

Nikatundika simu.

Sikuwa na wasiwasi wowote, na sitaki mtu afikiri nilikuwa nao. Nilikuwa nimeshamshinda yule kijana moyoni, kilima kwa kilima. Niliiona barabara ya Kuopio, niliona fulana, nilimwona Pöyhönen akiwasha pikipiki yake kurudi kwao. Nikamgeukia mzee na kifua nje.

"Jumapili jioni, mzee, nitakuwa na fulana."

"Fulana sijaiona," akasema mzee.

"Utaiona."

"Nikiiona tutazungumza. Nisipoiona, kahawa ya Pöyhönen itakuwa bado moto."

"Sawa kabisa," nikasema, nikampa mkono. Tukashikana kama watu wanaouziana farasi.

Ndipo Aune akasimama. Alivua visikilizio, akavitundika kwenye msumari wake polepole, kama mtu anayevitundika kwa mara ya mwisho, na huenda ilikuwa hivyo. Akaja mpaka kwenye kizingiti. Kinjia kile katikati ya nywele zake kilikuwa bado kimelala, na nilitaka kukilainisha kwa kidole nikasahau kwamba baba yake yupo.

"Mmemaliza ninyi wawili?" akauliza.

"Tumemaliza," akasema mzee.

"Mmekubaliana vizuri. Baba anataka fulana, Oiva anataka kumpa fulana. Mabwana wa Helsinki wanaifunga na kuifungua, na ninyi mnaikimbilia. Mimi leo nimeuza kiti changu, na hakuna aliyeniuliza kwa nini."

"Aune, mwanangu," mama yake akasema.

"Mama, ngoja." Akanitazama mimi tu. Hapakuwa na machozi tena, wala hasira. "Mimi nakujua. Ukishinda utakuja hapa unaimba. Ila mtu huteguka kifundo, mtu huumwa tumbo, na Wikman naye ana miguu. Na nakujua pia ukishindwa. Utapita njia ya msituni, utakata magogo yako, utasema mzee ana haki, utasema wapo wengine wenye miguu mizuri. Kwa adabu."

"Aune," akasema mzee, "mwanamke haulizi mambo ya namna hiyo."

"Leo anauliza. Na nitauliza mara moja, sirudii, kwa hiyo angalia utakavyojibu." Akaushika mwimo wa mlango. "Ukishindwa Kuopio, Oiva, ukarudi huna fulana, na mimi sina kazi, na baba hajakuita, utanioa?"